Taarifa za mgonjwa mwenyewe katika kufuatilia matibabu ya ADHD kwa watu wazima: mwongozo kamili

ADHD, hali inayovuruga umakini na utulivu wa mtu, haina kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kumwonyesha daktari kwamba dozi ya mwezi huu inafanya kazi kuliko ya mwezi uliopita. Mtoto ana mwalimu na mzazi wanaomtazama kutwa nzima. Kwa mtu mzima, mara nyingi shahidi ni yeye peke yake. Anaonana na daktari kwa dakika chache kila baada ya wiki kadhaa, anaulizwa "Dawa inakusaidia?", anajibu "Naona afadhali kidogo." Kwa jibu hilo dozi hupandishwa, hushushwa au huachwa ilivyo.

Mgonjwa hadanganyi. Ila ADHD yenyewe inavuruga kumbukumbu na namna mtu anavyouhisi muda, kwa hiyo kumtaka akumbuke wiki sita zilizopita ni kumtaka aegemee palepale anapotibiwa. Atakumbuka juzi na jana, na kama jana ilikuwa mbaya, wiki zote sita zitakuwa mbaya. Taarifa ya mgonjwa ina thamani kubwa, mradi iandikwe mambo yangali mapya, kwa maswali yaleyale, na iwe na kitu cha kulinganishwa nacho.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari ameshathibitishwa kuwa na ADHD na anaanza au anaendelea na matibabu, yawe ya dawa, ya tiba ya kitabia au yote mawili. Mtabibu anayemhudumia naye atapata la kutumia. Madodoso yanayotajwa hapa hayatoshi kumfanya mtu ajitangazie ugonjwa.

1. Jipime kabla ya kidonge cha kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ikishapita hairudi. Mtu aliyesubiri matibabu kwa miaka hataki kusubiri siku nyingine kumi ili ajaze fomu. Lakini bila kipimo cha mwanzo, alama zote utakazopata baadaye zitaning'inia hewani. Alama 35 ni nzuri au mbaya? Inategemea ulianzia 50 au 38.

Jaza dodoso (la kuchagua liko sehemu ya 2) mara mbili kabla ya kuanza, zikipishana kama wiki moja, kisha chukua wastani. Kuna sababu. Watu huenda kliniki wakiwa wameelemewa, wakati dalili zimefika kileleni, na kilele hushuka chenyewe hata bila dawa. Ukijipima siku hiyo moja tu, kushuka huko kwa kawaida utakuja kudhani kumeletwa na dawa.

Siku hizohizo pima pia uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo ukiwa umetulia, na uandike unalala saa ngapi, hamu yako ya kula ikoje, na kama una maumivu ya kichwa ya mara kwa mara. Baada ya mwezi utasema dawa inakunyima usingizi. Daktari atauliza: kabla ya dawa ulikuwa unalala saa ngapi? Majibu mengi huishia hapo.

2. Chagua dodoso moja, ulishikilie

Linalotumika zaidi ni ASRS, lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2005. Linapatikana bila malipo na lina maswali 18: tisa ya kukosa umakini, tisa ya kutotulia na papara. Kila swali linajibiwa kwa ngazi tano, kuanzia kamwe, nadra, wakati mwingine, mara nyingi, hadi mara nyingi sana, nazo hupewa alama 0 hadi 4. Jumla basi inaanzia 0 na kuishia 72, na inavyozidi kupanda ndivyo dalili zinavyozidi.

Maswali sita ya kwanza ni kichujio cha kugundua nani achunguzwe zaidi. Kwa kufuatilia matibabu hayatoshi, jaza yote 18. Hesabu makundi mawili kando: swali la 1 hadi la 4 na la 7 hadi la 11 ni ya umakini, na yaliyobaki ni ya kutotulia na papara. Utaona baadaye kwa nini kutenganisha huku kunalipa.

Kuna jambo moja la kurekebisha. ASRS ya asili inauliza kuhusu miezi sita iliyopita, na mtu aliyebadilishiwa dozi wiki mbili zilizopita hawezi kujibu swali hilo kwa maana yoyote. Elewaneni na mtabibu wako kwamba mtajibu kuhusu siku saba zilizopita, na muandike juu ya fomu: "siku 7". Kipimo cha mwanzo nacho kiwe cha siku saba. Ukilinganisha fomu ya miezi sita na fomu ya wiki moja, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Yapo mengine. CAARS lina toleo refu na hulinganisha alama zako na za watu wa umri na jinsia yako, lakini linauzwa na linahitaji mtaalamu wa kueleza maana ya alama zake. AAQoL lina maswali 29 kuhusu ubora wa maisha: kazi, afya ya akili, mahusiano na mtazamo wa mbele. WFIRS linapima namna dalili zinavyokwamisha maisha nyumbani, kazini, masomoni na kwingineko. Ukiwa na uwezo wa mawili, chukua ASRS kwa dalili na mojawapo kati ya haya ya mwisho kwa maisha. Ukiwa na uwezo wa moja, chukua ASRS na ufanye hatua inayofuata kwa bidii.

3. Taja mambo matatu ya maisha yako

Hakuna anayetafuta matibabu ili alama zishuke. Anatafuta kwa sababu anakaribia kufukuzwa kazi, au mwenzi wake amechoka kurudia maneno, au bili zinalipwa kwa kuchelewa na faini juu. Mambo haya hayamo kwenye dodoso, kwa hiyo yaandike mwenyewe. Matatu yanatosha.

Kwa kila jambo tengeneza ngazi tano, kutoka −2 hadi +2. Njia hii ya kupima malengo ilibuniwa mwaka 1968 na bado inatumika katika afya ya akili. Mahali ulipo leo pawe −1, ili pabaki nafasi ya kuandika hali ikizidi kuwa mbaya. Sifuri ni hali ambayo ungeridhika nayo. Kila ngazi ielezwe kwa kitu kinachohesabika:

Jambo: kulipa bili.
−2: bili tatu au zaidi zimepitiliza tarehe mwezi huu.
−1: bili mbili zimepitiliza.
0: moja imepitiliza, kwa siku chache.
+1: zote zimelipwa kwa tarehe, lakini kwa kukumbushwa na mtu.
+2: zote zimelipwa kwa tarehe, bila kukumbushwa.

Linganisha na lengo kama "niwe na mpangilio zaidi". Ukifika kliniki na lengo hilo, wewe na daktari mtaanza kubishana kuhusu hisia. Ukifika na bili mbili zilizopitiliza, hakuna ubishi.

Usichague mambo matatu ya kazini peke yake. Watu wengi hufanya hivyo kwa sababu kazi ndiyo inayowatisha, na dawa inayofanya kazi vizuri saa za ofisi huonekana imeshinda kila kitu, huku jioni nyumbani hali ikiwa ileile.

4. Daftari la dakika moja

Sasa inakuja kazi ya kila siku, na hapa niseme wazi: daftari refu halitajazwa. Ukimpa mtu mwenye ADHD jedwali la safu kumi na mbili, litajazwa kwa uzuri wa kupendeza siku nne, kisha lisahaulike, kisha lijazwe lote usiku mmoja kabla ya miadi. Taarifa hizo za usiku mmoja ni mbaya kuliko kutokuwa na taarifa, kwa sababu zinaonekana kama ushahidi.

Mambo matano yanatosha: saa uliyomeza dawa, umakini wa mchana (0 hadi 10, 10 ikiwa mzuri kabisa), umakini wa jioni (0 hadi 10), saa ulizolala usiku uliopita, na jambo moja lolote lisilo la kawaida. Mstari mmoja kwa siku. Mfano:

J3: dawa saa 1:10 asb. Mchana 7. Jioni 3. Usingizi saa 6. Kikao kirefu, nilimaliza ripoti.
J4: dawa saa 3:40 asb, nilisahau. Mchana 6. Jioni 6. Usingizi saa 7.
J5: sikumeza. Mchana 3. Jioni 3. Usingizi saa 4. Sikupata usingizi mpaka saa 8 usiku.

Siku tatu tu, na tayari kuna la kuzungumza. Jumanne kidonge kilichelewa, jioni ikawa nzuri, usingizi ukaharibika, na Jumatano yote ikaenda na maji. Mtu huyu angeulizwa kliniki angejibu: "Dawa haieleweki, leo inafanya kazi kesho haifanyi."

Daftari liambatane na kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kufikiri, kama kupiga mswaki usiku au kuchomeka simu kwenye chaji. Kengele ya simu husaidia, lakini ilie muda ambao unaweza kuandika papo hapo. Karatasi au programu ya simu, vyote sawa. Ukiruka siku, iache wazi. Usiijaze kwa kukisia. Nafasi zilizo wazi nazo ni habari: wiki yenye siku tano wazi humwambia mtabibu jambo.

Ile sehemu ya "jambo lisilo la kawaida" ibebe vitu vinavyoweza kuvuruga picha: kahawa kupita kawaida, pombe, ugonjwa, safari, zamu ya usiku, ugomvi mkubwa. Wanawake waandike pia siku za hedhi, kwani wengi huona dalili zikizidi siku zinazotangulia hedhi, na bila kumbukumbu hiyo wiki moja mbaya kati ya nne inaweza kusingiziwa dozi.

5. Wakati dozi inapandishwa

Ratiba ya kujaza dodoso inategemea dawa. Vichangamshi, yaani methilifenideti na dawa za jamii ya amfetamini kama lisdeksamfetamini, huanza kazi siku ileile. Methilifenideti ya muda mfupi hudumu kama saa tatu hadi nne, ya muda mrefu kati ya saa nane na kumi na mbili kutegemea aina, na lisdeksamfetamini huweza kufika saa kumi na tatu au zaidi. Kwa dawa hizi jaza ASRS mwisho wa kila wiki ya dozi mpya, kabla ya kupanda ngazi nyingine.

Atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo kichangamshi, ni habari nyingine. Haina kazi ya kuonekana siku ya kwanza, na huchukua wiki kadhaa kujenga nguvu. Kuihukumu kabla ya wiki sita ni haraka, na wengine huhitaji hadi wiki kumi na mbili. Jaza dodoso kila wiki mbili, na usikate tamaa alama za mwezi wa kwanza zikiwa zimelala tu. Wagonjwa wengi huiacha dawa hii katika kipindi ambacho madhara yameshafika na faida bado iko njiani. Kumbukumbu zilizoandikwa zinasaidia kuvuka hapo, kwa sababu kushuka kwa alama mbili mbili hakuhisiki lakini kwenye karatasi kunaonekana.

Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka shinikizo la damu na mapigo ya moyo yapimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi sita. Andika namba hizo kwenye daftari lilelile. Mapigo yanayozidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, na yakaendelea hivyo, yanahitaji daktari ajulishwe bila kungoja miadi.

Jambo jingine: katika wiki za kupandisha dozi usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ukianza dozi mpya, ukaacha kahawa na ukahamia zamu nyingine wiki hiyohiyo, hakuna dodoso litakalokwambia kilichosaidia ni kipi.

6. Madhara yaulizwe kwa majina

Swali la jumla, "Kuna tatizo lolote?", hujibiwa "Hapana." Orodha hupata majibu tofauti. Kila wiki ya mabadiliko pitia haya na uweke 0 kwa hakuna, 1 kidogo, 2 wastani, 3 kali: kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kinywa kukauka, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kukereka upesi, hali ya kuwa baridi kihisia kana kwamba umezimwa. Kwa atomoksetini ongeza kichefuchefu, kukojoa kwa shida na matatizo ya tendo la ndoa. Hili la mwisho watu hawalisemi kwa mdomo. Kwenye fomu hulijaza.

Andika pia saa ambayo dhara linatokea. Kukereka saa nne asubuhi, dawa ikiwa kileleni, na kukereka saa kumi na moja jioni, dawa ikiisha, ni matatizo mawili yenye suluhisho tofauti. La kwanza huashiria dozi kubwa mno. La pili hutokana na dawa kushuka nguvu ghafla.

Mambo yasiyongoja fomu wala miadi: maumivu ya kifua, kuzimia, kusikia au kuona vitu visivyokuwepo, furaha iliyopitiliza pamoja na kutolala, mawazo ya kujiua. Kwa atomoksetini, pia macho kuwa ya manjano au mkojo kuwa mweusi. Hapo tafuta huduma siku hiyohiyo.

7. Shahidi wa pili

Utafiti uliowafuatilia watoto wenye ADHD hadi utu uzima umeonyesha kwamba walipokuwa vijana walitaja dalili chache kuliko wazazi wao walivyoziona. Wapo pia wanaojiona wabaya kuliko walivyo, hasa wenye sonona. Kwa hiyo ukiwa na mtu unayemwamini, mwenzi, ndugu au rafiki mnayekaa pamoja, mwombe ajaze dodoso lilelile kukuhusu, mwanzoni na mara moja kila baada ya miezi michache. Ajaze peke yake, bila kuona majibu yako.

Majibu yakitofautiana, msigombane nani mkweli. Anayekuona jioni tu anaiona dawa imeshaisha. Lakini faragha yako ni yako: usimpe mwajiri fomu hizi, na usimchague mtu ambaye kesho atazitumia kukusuta.

8. Kuzisoma alama

Katika tafiti za dawa za ADHD, kushuka kwa alama kwa asilimia 30 kutoka kipimo cha mwanzo huchukuliwa mara nyingi kama dalili kwamba matibabu yanafanya kazi. Hesabu ni rahisi: alama ya mwanzo toa ya sasa, gawanya kwa ya mwanzo. Kupanda au kushuka kwa alama tatu nne kati ya wiki na wiki usikupe maana yoyote, kwani mtu yuleyule akijaza fomu ileile siku mbili tofauti hutofautiana hivyo.

Tuseme mtu alianza na 50, umakini 29 na kutotulia 21. Baada ya wiki sita ana 35: umakini 18, kutotulia 17. Jumla imeshuka asilimia 30 kamili. Kwa jumla peke yake, kazi imekwisha. Ukitenganisha, alama za kukosa umakini zimeshuka kwa asilimia 38 na za kutotulia kwa asilimia 19 tu. Ukienda kwenye malengo yake, ripoti za kazini zimepanda hadi +1, lakini bili bado ziko −1. Ukifungua daftari, mchana 7 na 8, jioni 3. Anameza dawa saa moja asubuhi, na bili huwa anakaa nazo saa mbili usiku. Dozi yake inatosha, ila haimfikishi jioni. Angepandishiwa dozi kwa sababu ya bili, angeongezewa mapigo ya moyo tu. La kujadili na daktari ni aina ya dawa au saa ya kuimeza, au hata kuhamishia bili Jumamosi asubuhi, ambako hakuna gharama wala madhara.

Kuna mitego mingine ya kuijua. Wiki za kwanza zina matumaini, na hata wanaopewa kidonge kisicho na dawa katika tafiti hushuka alama, kwa hiyo ushindi wa wiki ya kwanza usitangazwe mapema. Wengine hupanda alama mwanzoni kwa sababu sasa wana utulivu wa kuziona dalili ambazo zamani hawakuziona, na hapo malengo yanayohesabika ndiyo yatakayoamua. Vichangamshi navyo vinaweza kumfanya mtu ahisi amefanya kazi nyingi kuliko aliyofanya kweli. Umakini 9 kwenye daftari, na kazi iliyokamilika ni sifuri, basi amini kazi.

Alama za umakini zikigoma kushuka kabisa, kabla ya kulaumu dawa angalia usingizi, vidonge vilivyorukwa, na hali ya hisia zako. Dodoso la PHQ-9 lenye maswali tisa hupima dalili za sonona, na sonona inaharibu umakini yenyewe bila kuhitaji ADHD.

9. Siku ya miadi

Usipeleke daftari zima, hakuna atakayelisoma. Peleka ukurasa mmoja: alama za mwanzo na za sasa kwa makundi mawili, malengo matatu na ngazi zake, wastani wa mchana na jioni, madhara yenye 2 au 3, idadi ya dozi ulizokosa, uzito, shinikizo na mapigo. Chini kabisa andika swali moja unalotaka lijibiwe. Litaje mwanzoni mwa mazungumzo, kwa sababu mwishoni utalisahau.

Kwa mtabibu: ukimwomba mgonjwa ajaze fomu, ifungue mbele yake. Fomu iliyowekwa kwenye faili bila kutazamwa hujazwa ovyo safari ya pili. Na ukikuta jibu lililoruka kutoka 1 hadi 4, uliza juu ya hilo moja kabla ya kutazama jumla.

Dozi za kukosa ziseme bila aibu. Kusahau dawa ya ugonjwa wa kusahau kunatarajiwa, na daktari asiyejua kwamba unameza siku nne kati ya saba atakuongezea dozi bure.

10. Hali ikishatulia

Dozi ikishapatikana, daftari la kila siku lifungwe. Kuliendeleza kwa miaka ni mzigo usio na faida. Jaza ASRS na malengo kila baada ya miezi mitatu hivi, pamoja na uzito, shinikizo na mapigo kila miezi sita, na lifungue tena daftari kwa wiki mbili pale kitu kinapobadilika: dawa mpya, kazi mpya, mtoto mchanga, au hisia kwamba dawa imezoeleka.

Angalau mara moja kwa mwaka kaeni na daktari kuamua kama matibabu bado yanahitajika. Mkikubaliana kupunguza au kusitisha kwa muda, na hilo lisifanyike kwa uamuzi wako peke yako, chagueni wiki zisizo na mtihani, safari wala makabidhiano kazini. Anza daftari wiki mbili kabla, jaza dodoso siku ya mwisho ya dawa na tena mwisho wa kipindi cha kupumzika, na mwombe yule shahidi wa pili ajaze la kwake tarehe hizohizo.